Msaada Uliozoa Mpaka Wetu

Watu wa kilima chetu wakisimulia ule moto husema ulikula kila kitu. Mimi hukaa kimya, maana nikifungua mdomo nitaharibu mazungumzo. Moto ulikula nyumba za nyasi, ukala maghala, ukala mbuzi wa jirani na koti la marehemu baba ambalo mama alikuwa amelificha kwenye sanduku. Shamba haukulila. Shamba la mama lilichukuliwa baadaye, mchana kweupe, watu wakiimba, na aliyelichukua akapigiwa makofi kwa moyo wake wa kujitolea.

Kwetu ni upande wa Ikutha, nchi ya miiba na mchanga, ambako mvua huja ikijisikia. Ilikuwa miaka michache baada ya uhuru. Baba alikuwa amekufa, ndugu zangu wawili walikuwa bado wadogo, na mimi, kifungua mimba, nilikuwa nimemaliza shule ya msingi nikakaa nyumbani kulima pamoja na mama. Mwaka huo kiangazi kilizidi. Mtu fulani alipanda kilimani kurina asali, akawasha moshi wa kufukuza nyuki, upepo ukamzidi. Hatumjui mtu huyo mpaka leo, au tunamjua na hatutaki kumtaja. Kwetu mambo haya mawili hayatofautiani sana.

Tulikimbilia mtoni, ambako hakukuwa na maji wala cha kuungua, tukakaa kwenye mchanga na kutazama kilima kikiwaka kutoka juu kwenda chini. Tuliporudi, mama alikwenda moja kwa moja kwenye ghala. Mbaazi zilikuwa zimekaangika zikawa makaa. Aliokota chache, akazitafuna, akatema. Hakulia. Alisema tu kwamba mawe yako salama.

Alimaanisha mawe ya mpaka. Babu alipowagawia wanawe wawili shamba, alibeba mawe kutoka mtoni kwa punda, mawe laini, meusi, yasiyofanana hata kidogo na mawe makavu ya kilimani, akayachimbia ardhini kwa mstari kutoka njia kuu mpaka kwenye korongo. Katikati ya jiwe na jiwe alipanda mkonge. Upande mmoja ukawa wa baba, upande wa pili wa baba mdogo. Serikali ilikuwa haijafika kwetu kupima mashamba, kwa hiyo mawe yale ndiyo yaliyokuwa cheti chetu. Mkonge uliungua ukabaki visiki, lakini mawe yalisimama palepale, yana masizi tu.

Sehemu ya chini ya shamba letu, karibu na korongo, ndiyo iliyokuwa shamba hasa. Juu ni kokoto. Chini udongo ulikuwa mzito, ukishika maji ya mvua hata wiki kadhaa baada ya mvua kukatika, na mahindi na kunde zetu zote zilitoka hapo. Asiye na udongo wa chini katika kilima kile ana mahali pa kuzikwa tu. Nalisema hili mapema ili ieleweke tulikuwa tunapigania nini.

Basi msaada ukaja. Kanisa lilileta nguo na unga. Kisha akaja mhandisi wa serikali, kijana kutoka Mkoa wa Kati, mrefu, mwenye adabu, na nyuma yake lori, tingatinga, matita ya waya na chombo cha kupimia cha miguu mitatu ambacho watoto walikifuata kila kilipohamishwa. Alituita kwenye kiwanja cha shule, mbele ya kuta zilizobaki, akatueleza kwa Kiswahili cha pole pole.

"Wazazi wangu, moto imeisha. Sasa mnaogopa nini? Ogopeni maji. Hii kilima haina nyasi tena. Mvua ikikuja, itashuka na udongo yote na hizo nyumba mtajenga. Kwa hivyo tutasafisha haraka, tuchimbe mitaro, tuzibe hiyo korongo na mawe, halafu ndio tujenge."

Alisema kweli, na nasema hivyo ili mtu asidhani mimi ni yule mwanamke wa kulaumu kila kilichotoka mjini. Alichora mchangani jinsi mitaro itakavyopita ikilikata tumbo la kilima, na jinsi vizimba vya waya vilivyojazwa mawe vitakavyopangwa ndani ya korongo ili maji yapite na udongo ubaki. Hata mama aliyesoma Biblia ya Kikamba tu alielewa. Kazi, akasema, tutaifanya kwa mwethya wetu wenyewe, na tingatinga litasaidia pale jembe linaposhindwa.

Mwethya kwetu ni jambo la kale. Ukiwa na kazi iliyokushinda unawaita majirani, wanakuja na majembe na nyimbo, nawe unawapikia. Lakini mwethya una kanuni ambayo hakuna aliyewahi kuitamka kwa sababu hakukuwa na haja: mwenye shamba hutangulia. Yeye ndiye anayesema hiki kateni, hiki acheni, hapa alizikwa mtoto, huu mti ni dawa. Wengine wote ni mikono, na jicho ni la mwenyewe.

Mhandisi alikuwa amesikia kwamba siku iliyotangulia wanawake wawili walivutana juu ya bati moja lililopinda kwa moto. Akaona kwamba kila mtu akisafisha kwake atajificha na kujilimbikizia. Akaamua watu wa mgongo huu wa kilima wasafishe mgongo wa pili, na wa pili wasafishe kwetu. Kila kitu kitakachopatikana kiwekwe uwanjani, mawe yaende korongoni. Watu walipiga makofi. Ilisikika kama haki. Wa kwanza kuunga mkono alikuwa baba mdogo.

Baba mdogo alikuwa mzee wa kanisa, mwenye sauti nzuri ya kuomba. Baba alipokufa alikuja kwetu kila Jumamosi kumwombea mjane, na akimaliza kuomba alikuwa akitoka nje na kutazama kunde zetu. Tulidhani anafurahia baraka za Mungu. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, nasi tulikuwa tumekifulia nguo hiyo na kuipiga pasi. Walipotafuta mwenyekiti wa kamati ya usafi hawakufika mbali, walimchagua yeye, wakampigia makofi kwa kujitolea. Mwenyekiti hakupangiwa mgongo wowote. Alitembea kote na fimbo, akisimamia.

Mama na mimi tukapelekwa ng'ambo ya korongo, kufagia majivu ya watu ambao tuliwajua kwa salamu tu. Tulifanya kazi kwa uangalifu wa kijinga. Kila tulipofikia kitu tusichokielewa, mama alisimama na kuuliza, na hakukuwa na wa kumjibu, maana wenyewe walikuwa kwetu. Naikumbuka nyumba moja ambapo tulikuta mafiga matatu ya jikoni. Mama alikataa yasibebwe. Akayafunika kwa majani ili tingatinga lisiyaone.

Tuliporudi jioni mama alisimama mwanzo wa shamba letu, karai bado liko kichwani. Shamba lilikuwa safi. Sijawahi kuchukia usafi kama siku ile. Visiki vya mkonge vilikuwa vimeng'olewa na kurundikwa, alama za minyororo ya tingatinga zilitoka njiani mpaka korongoni, na mahali pa mawe palikuwa pamesawazishwa vizuri, bila hata shimo. Mama alishusha karai.

"Wewe simama hapa," akaniambia. Nikasimama. Akaenda mbele, akageuka akanitazama, akasogea kidogo kushoto, akarudi kulia. Akawaita ndugu zangu, mmoja akamsimamisha chini, mwingine katikati. Tulisimama hivyo, familia nzima, tukiwa badala ya mawe, naye akitembea kati yetu akitafuta mstari aliouona kila siku tangu aolewe bila kuutazama. Jua lilizama kabla hajauridhia.

Mwanamke mmoja wa ng'ambo alikuja kuniambia baadaye jinsi ilivyokuwa. Walipoyafikia yale mawe meusi walisita, kwa sababu yalikuwa kwenye mstari. Wakamuuliza mwenyekiti, aliyekuwa amesimama palepale, haya yaliyopangwa ni ya nini. Akawajibu, "Ni mawe. Mhandisi anataka mawe." Wakaendelea kuimba. Siwalaumu. Wangejua nini, na aliyejua alikuwa mbele yao, na ni wa ukoo?

Kesho yake baba mdogo alikuja na vijiti. "Shemeji, usiwe na wasiwasi," akasema. "Mimi nakumbuka mpaka vizuri. Tutaweka alama ya muda, serikali ikikuja kupima itaweka ya kudumu." Alianzia njiani, na pale juu kwenye kokoto alikuwa mkarimu, hata akatuzidishia kipande. Kadiri alivyoshuka ndivyo mkono wake ulivyolemea upande wetu, na alipofika korongoni udongo wote wa chini ulikuwa umebaki nyuma ya vijiti vyake. Mama alivifuata kimoja kimoja akaving'oa. Jioni vilikuwa vimerudi.

Tulimwendea mhandisi. Alikuwa korongoni, akielekeza watu jinsi ya kushona waya wa kizimba. Mawe yetu yalikuwa ndani. Yalionekana kabisa kati ya mawe mekundu ya kilima, na mama aliyagusa kwa kidole kupitia matundu ya waya, moja, jingine, jingine.

"Hizi ni zangu," akasema. Kiswahili chake kilikuwa kidogo lakini hilo alilitamka bila kusita.

"Mama, hizo sasa ni za watu wote," mhandisi akajibu. Nikamweleza habari ya mpaka. Alisikiliza mpaka mwisho, akavua kofia, akajifuta jasho. "Pole sana. Lakini mimi ni mtu wa maji na barabara. Mambo ya mipaka iko na wazee wenu. Na hata nikifungua waya nikupatie mawe yako, itakuonyesha mahali ilikuwa?"

Hapo alitushika. Mawe tulikuwa nayo, mbele ya macho, na hayakuwa na maana tena, kwa sababu jiwe la mpaka likishahama ni jiwe tu. Nilitamani awe mtu mbaya. Mtu mbaya humpa mtu mahali pa kuweka hasira. Lakini yule kijana alimpa mama jembe jipya kutoka kwenye lori, akamsaidia hata kulitia mpini, na mama akamwambia asante. Baada ya muda alihamishiwa kambi nyingine kwenye barabara ya Mombasa, tusimwone tena.

Mvua ilikuja na nguvu kama alivyosema. Maji yalishuka, yakaingia mitaroni, yakafika korongoni, yakachujwa na vizimba, udongo ukabaki. Hakuna nyumba iliyokwenda. Shule ilijengwa upya kwa msingi wa mawe, nayo ipo mpaka leo. Watu walicheza. Na kwenye udongo wetu wa chini, ambao kwa ajili ya vizimba vile ulizidi kuwa mzito na mzuri, mke wa baba mdogo alipanda mahindi.

Mama akapeleka kesi kwa wazee wa ukoo. Walikaa katika darasa jipya lisilopigwa lipu. Majirani wawili waliokuwa wamelima kando ya mpaka ule maisha yao yote waliulizwa, wakasema moto uliwachanganya kumbukumbu. Mmoja wao alikuwa amejengewa nyumba mapema, kabla ya zamu yake, na kamati ya baba mdogo, ambayo sasa ilisimamia ujenzi pia. Baba mdogo akaombwa kusema. Alisimama kwa unyenyekevu.

"Wazee, mimi siwezi kugombana na mjane wa ndugu yangu. Watu watasema nini? Mimi nasema hivi. Ashike kithitu. Akishika na aseme mpaka ilikuwa pale anasema, leo leo namwachia. Sitaongeza neno."

Kithitu ndicho kiapo chetu cha kale. Kukishika ni kuapa: vitu vyake huwekwa chini, mtu anavigonga kwa kijiti akisema madai yake, na kama amesema uongo kitamla, yeye au watu wa nyumba yake. Hata walevi huwa wanatulia kikitajwa. Wazee wale wangekubali kiapo cha mama bila swali, na kwa vile hakuwa na mwana mkubwa walisema ataapa mwenyewe. Lakini kanisa letu lilikuwa limekipiga marufuku. Aliyekishika alitengwa, haruhusiwi kwenye Meza ya Bwana, haimbi katika kwaya ya akina mama, na akifa hazikwi na pasta. Baba mdogo alilijua hilo kuliko mtu yeyote, maana yeye ndiye aliyekuwa akisoma majina ya waliotengwa.

Mzee mmoja akamgeukia. "Na wewe mwenyewe utaapa?"

"Mimi ni mzee wa kanisa," akajibu. "Hivyo vitu siwezi kugusa."

Nilingoja mtu acheke. Hakuna aliyecheka. Yeye hakuweza kuapa kwa sababu ya kanisa, na hiyo ikawa heshima yake. Mama asipoapa kwa sababu ya kanisa lilelile, basi madai yake ni ya uongo. Wazee walisema mila ndivyo ilivyo: anayedai ndiye anayeapa. Wakampa muda wa kufikiri.

Nilimbembeleza. Nilikuwa nimejaa hasira mpaka chakula hakipiti. "Mwaitu, apa," nilimwambia, kama tunavyoita mama kwetu. "Unasema ukweli. Apa, Mungu anakujua." Alikuwa akipepeta mtama. Akaniuliza, Meza ya Bwana ataiendea na mkono gani? Pasta alikuja pia, akakaa kwenye kigoda chetu cha pekee, akasema mashamba ya dunia hii hupita. Yeye alikuwa na la kwake upande wa Makueni, nalo kwa taarifa nilizo nazo halijapita bado.

Siku ya siku ilipofika mama alisimama mbele ya wazee akasema ameokoka, hatashika kithitu. Alisema kwa sauti ndogo, nami nilimwonea uchungu na fahari na ghadhabu kwa wakati mmoja. Wazee wakahukumu. Wapimaji wa serikali walipofika miaka iliyofuata walipima walichokikuta, na kipande cha chini kikaandikwa jina la baba mdogo.

Jumapili baada ya hukumu pasta alimwita mama mbele. Akaeleza jinsi dada yetu alivyochagua Kristo akaacha udongo. Kanisa zima likasimama, likaimba pambio, likapiga makofi. Baba mdogo alipiga makofi pia, kwenye kiti chake cha mbele, macho ameyafumba. Nilitazama mikono ile yote. Kati ya waliopiga makofi, hakuna aliyemwambia mama njoo ulime mstari mmoja kwangu. Hakuna hata aliyemletea kibaba cha kunde.

Kokoto ya juu haikutulisha. Ndugu zangu waliacha shule, mmoja akawa taniboi wa malori, mwingine akaenda kukata miwa mbali. Mimi niliolewa karibu na mji wa Wote. Mama alihamia Kambu, kando ya barabara kuu, akapanga chumba na kuwapikia madereva isyo, mahindi na maharagwe, kwenye sufuria kubwa nyeusi. Mwanamke aliyekuwa na udongo bora kilimani akawa ananunua kunde sokoni kwa vikombe.

Sifa yake ilimfuata huko. Kanisa la Kambu lilipopata habari likamfanya shahidi wa kudumu. Kila penye semina ya vijana au mkutano wa akina mama aliitwa kusimulia jinsi alivyokikataa kithitu, naye alikwenda, amevaa kitambaa cheupe, akasimulia vizuri. Nilimsikia mara moja. Alipofika pale pa kusema ameokoka watu walilia. Mhandisi hakuwemo katika simulizi hiyo, wala tingatinga, wala vizimba. Ilikuwa tu imani ya mjane na majaribu yake.

Tuliporudi nyumbani kwake alasiri ile tulikaa mlangoni tukachagua maharagwe ya kesho. Malori yalipita. Alikuwa amezeeka sana, na vidole vilimpa taabu, lakini mawe madogo bado aliyaona kabla yangu. Nikamuuliza jambo nililolibeba tangu ujana: akirudishwa leo katika darasa lile, mbele ya wazee wale, angefanyaje?

Alitupa jiwe moja nje.

"Ningeshika," akasema.

Nilidhani sikumwelewa. "Kithitu, mwaitu?"

"Ningekishika na mikono yote miwili. Kithitu kinakula mwongo. Mimi nilikuwa naogopa nini?"

Aliendelea kuchagua. Nilipotaka kusema kitu akanikataza kwa kichwa, akaniambia nisije nikamwambia pasta, kwa sababu Jumapili inayofuata walikuwa wamemwomba asimulie tena.